Nani anarejesha masurufu ya tozo ya ujuzi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni mhasibu wa karakana ya kuchomelea na kuunda bodi za malori, pale Gofu, Tanga. Tuko 23 ukimhesabu na mlinzi wa usiku. Kila mwezi, kabla ya tarehe 7 haijapita, ni juu yangu kuhakikisha kodi ya mishahara na Tozo ya Kuendeleza Ujuzi, ambayo sote tunaiita SDL, zimeingia Mamlaka ya Mapato, TRA. Mishahara yetu ghafi ni kama Sh9.6 milioni kwa mwezi. Asilimia 3.5 ya hapo ni Sh336,000. Zidisha kwa miezi 12 upate Sh4,032,000. Kwa kiwanda cha saruji fedha hizo hata hazionekani kwenye vitabu. Kwetu ni mashine nzuri ya kuchomelea na grainda juu yake.

Siandiki kulalamikia kulipa. Bosi wangu hulalamika, tena kwa sauti, lakini hilo ni lake na mfuko wake. Langu ni la mtu aliyekaa na leja tangu ujana. Fedha ikitolewa kwa shughuli maalumu, hata kama imetolewa kwa amri ya sheria, ni masurufu mpaka aliyeichukua arudi aseme ilivyotumika. Nikimpa dereva Sh50,000 akalete gesi, sifungi ukurasa mpaka aje na risiti na chenji yangu. Tozo ya ujuzi inamtoka mwajiri ikiwa na shughuli yake imeshatajwa, kufundisha watu kazi. Halafu ukurasa unabaki wazi, mwaka unaisha, unaanza mwingine.

Kwa asiyeijua: tozo hii ilizaliwa na Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994, ileile iliyoanzisha VETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi stadi. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Ni mwajiri anayetoa juu ya mshahara. Kuna wakati ilifika asilimia 6. Mwaka 2013 ikashushwa hadi 5, mwaka 2016 hadi 4.5, ikaendelea kushuka mpaka Julai 2023 ikawa 3.5. Mwaka 2021 nao idadi ya wafanyakazi inayomlazimu mwajiri kulipa ilipandishwa kutoka wanne hadi kumi, na jirani yetu fundi makochi mwenye vijana saba akaponea hapo. Wafanyakazi wa kilimo wanaoshika jembe lenyewe wamesamehewa pia. Ndiyo maana kwenye mashamba ya mkonge ya mkoa huu mhasibu anatakiwa ajue nani yuko shambani anakata na nani yuko kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, au gereji, maana hawa wa mwisho hawahesabiwi wakulima. Kuna wahasibu wenzangu hilo limewatoa jasho.

Basi fedha zikishaingia zinagawanywa. Kwa miaka mingi mgawanyo umekuwa theluthi moja kwa VETA na theluthi mbili kwa Hazina, na kule Hazina sehemu kubwa imekuwa ikibeba mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Kwa hiyo katika milioni nne zetu za mwaka, Sh1,344,000 ndizo za ufundi stadi na Sh2,688,000 zinakwenda huko kwingine. Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, kimelipigia kelele jambo hili miaka nenda miaka rudi. Mimi sipigi kelele hiyo kwa nguvu sana, kwa sababu binti yangu Zuhura amesoma Dodoma kwa mkopo wa Bodi na sitaki kuwa mnafiki. Mkopo ulimsaidia. Ninachosema ni kwamba hata mkopo wa Zuhura una namba, una mkataba, na sasa anakatwa kwenye mshahara kila mwezi na anaona salio lake likipungua. Mkopaji anaona salio. Mlipa tozo aliyechangia mkopo huo haoni chochote.

Nisiseme kwamba hakuna faida iliyotufikia. Fundi wetu mkuu alijifunza kuchomelea gerejini Mabawa akiwa mtoto wa kutumwa, darasa la ufundi hakulijua. Alipoingizwa kwenye mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, alipimwa mbele ya walimu, akapewa cheti. Tangu hapo tumeweza kuandika jina lake kwenye zabuni. Zamani tulikuwa tunaazima cheti cha mtu, nadhani unanielewa, Mhariri, na hatukuwa peke yetu katika mji huu. Ukiniuliza ni fedha gani ya mafunzo iliyozaa matunda mbele ya macho yangu, nitakutajia hiyo. Sasa hebu niambiwe kile cheti kimoja kiligharimu shilingi ngapi, na katika hizo, ngapi zilikuwa za kumpima fundi na ngapi zilikuwa za wale waliokuja kumpima. Si kwa ubaya. Nataka nijue ili nikiambiwa programu haina fedha za kupima wengine kumi nijue tatizo liko wapi.

Niliingia kwenye jambo hili kwa miguu miwili pale karakana yetu ilipopokea wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza kazi, kutoka mradi mmoja wa mafunzo kazini. Mwenye mradi simtaji, maana nia yangu si kumchafua mtu na kwa ninavyosikia kwa wenzangu wa Korogwe na Muheza yeye si wa peke yake. Tulipewa vijana sita kwa miezi sita. Karakana ililetewa ruzuku ya vifaa vya kujifunzia, Sh25,000 kwa kila kijana kwa mwezi, yaani Sh900,000 kwa jumla. Vijiti vya kuchomelea, glovu, miwani, vipande vya bati vya kuharibia. Mwanafunzi wa kuchomelea lazima aharibu bati, asikudanganye mtu.

Masharti ya kurejesha hesabu yalikuwa makali, na mimi niliyapenda. Kila mwezi karatasi ya mahudhurio yenye saini ya kijana na ya msimamizi. Kila manunuzi na risiti ya mashine. Glovu za Sh12,000 nilizonunua kwa mtu wa mitumba ya vifaa vya kazi zilikataliwa kwa sababu risiti yake ilikuwa ya kuandika kwa mkono. Nikakubali, bosi akabeba hasara hiyo. Mwezi wa tatu ulipoisha kijana mmoja akaacha, akaenda Chongoleani kwenye kazi za bomba la mafuta kama msaidizi wa mchomeleaji. Kwenye ripoti ya mradi kaandikwa "ameacha mafunzo". Kijana kapata kazi ileile aliyokuwa anafundishwa, tena yenye mshahara, na anahesabiwa upande wa hasara! Lakini hilo tuliache. Fedha yake iliyobaki, Sh75,000, niliirudisha benki kwenye akaunti ya mradi. Karatasi ya benki ninayo. Stakabadhi ya kupokea sikupewa, na nilipouliza nikaambiwa mfumo wao hauna sehemu ya kuandika fedha inayorudi kutoka kwa mwajiri.

Hapo ndipo masikio yaliponisimama. Kama hakuna sehemu ya kuandika kinachorudi, basi katika vitabu vyao zile Sh900,000 zilishaandikwa matumizi siku ileile walipozitoa. Kwa lugha ya kazi yetu, kukabidhi kumehesabiwa kuwa ni kutumia. Kijana aondoke, glovu zikataliwe, bati lisinunuliwe, ripoti itasoma ruzuku yote imetumika kwa mafunzo asilimia mia. Na ripoti hiyo ndiyo inayopanda juu mpaka inakuwa jumla ya mkoa, kisha ya taifa.

Upande wa pili sasa. Ufunguzi wa mafunzo ulifanyika kwenye ukumbi Raskazone. Kulikuwa na hema, mabango mawili yenye picha, fulana, chakula, maji ya chupa, magari yaliyotoka Dar es Salaam na madereva wake, na posho za waliokuja nayo. Vijana sita wetu walikuwepo, na wengine wa karakana nyingine, wamekaa viti vya nyuma. Sisemi sherehe ni haramu. Lakini nilimwuliza afisa mmoja, kijana mwenye adabu zake, mambo haya yanaandikwa kifungu gani. Akanijibu, "Mama, yote haya ni gharama za mafunzo." Nikamwuliza, hata mafuta ya gari? "Hata mafuta, Mama. Kama si mafunzo wasingekuja."

Nimelitafakari jibu lile. Kwa hoja yake, hakuna gharama ya utawala duniani. Mshahara wa mkurugenzi ni wa mafunzo, maana kama si mafunzo asingeajiriwa. Kodi ya pango la ofisi, bando la intaneti, chai ya saa nne, vyote mafunzo. Siku ripoti ikitoka na kusema utawala umechukua asilimia ndogo tu, sote tutapiga makofi, kumbe utawala umevaa fulana ya mafunzo.

Mimi nina kipimo changu, na sikukisoma popote. Kwa kila gharama uliza: kama wanagenzi wasingetokea siku ile, gharama hii ingekuwepo? Bati lisingekatwa, vijiti visingeungua, mwalimu wa vitendo asingelipwa saa zake: hayo ni mafunzo. Ukumbi ungelipiwa, posho ingelipwa, gari lingeshakuja: huo ni utawala. Kipimo hakifiki kila mahali, najua. Karakana ya chuo na umeme wake vipo hata darasa likiwa tupu, na huwezi kuviita utawala. Hapo mtu agawe kwa saa zilizotumika kufundishia. Ndiyo kazi ya uhasibu hiyo, kugawa gharama kwa haki na kuandika umegawa kwa msingi gani. Kinachokera ni kutogawa kabisa.

Wala sitaki utawala uwe sifuri. Kuna mkaguzi wa mradi aliyekuja karakana ya jirani bila kubisha hodi akakuta wanagenzi wanatumwa chapati na kuosha magari ya bosi wakati karatasi ya mahudhurio inasema wako kwenye uchomeleaji wa bomba. Safari ya yule bwana ilikuwa utawala mtupu kwa kipimo changu, na ilikuwa na thamani kuliko mabango yote ya Raskazone. Ukibana utawala kijinga utamkata huyo kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayeonekana kwenye hesabu kwa jina lake halisi, wakati hema limejificha kwenye mafunzo.

Shemeji yangu anafanya uhasibu Durban, Afrika Kusini, kwenye kampuni ya malori. Nilipomlalamikia kwenye simu alicheka, akanitumia kurasa za taarifa za mwaka za bodi ya mafunzo ya sekta yao. Kule tozo yao ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ikaanza kukusanywa mwaka 2000, asilimia 1 ya mishahara, na mwajiri ambaye mishahara yake ya mwaka haifiki randi 500,000 hailipi. Ndogo kuliko yetu. Lakini sikiliza inavyogawanywa. Katika kila randi 100, randi 20 zinakwenda Mfuko wa Taifa wa Ujuzi, 80 zinakwenda kwenye bodi za kisekta wanazoziita SETA. Katika hizo 80, randi 10.5 ndizo za utawala, na nusu randi ndani yake ni ya chombo kinachosimamia ubora wa vyeti vya kazi. Randi 20 zinarudi kwa mwajiri mwenyewe iwapo amepeleka mpango wake wa mafunzo na ripoti ya aliyoyafanya kufikia Aprili 30. Randi 49.5 zilizobaki ni ruzuku ambazo bodi inagawa kwa miradi inayoichagua. Hata humo wameandika kwamba gharama za kuendesha miradi zisizidi asilimia 7.5 ya ruzuku hiyo. Nilichukua kikokotoo: asilimia 7.5 ya 49.5 ni randi 3.7. Kwa hiyo utawala wote, ule wa wazi na ule wa ndani ya miradi, ukifika kikomo chake ni kama randi 14 katika 100. Mtu wa mtaani anaweza kuikokotoa hesabu hiyo.

Kilichonifurahisha zaidi ni vitabu vyenyewe. Fedha zimepangwa kwa mafungu: la utawala, la ruzuku za waajiri, la ruzuku za miradi. Ziada ya fungu moja inaonekana inapohamia jingine. Mwajiri asipodai ile 20 yake kwa wakati, haipotelei hewani. Inahamishiwa kwenye fungu la miradi na uhamisho unaandikwa. Na ruzuku zilizoahidiwa lakini hazijalipwa zinatajwa pembeni kama ahadi, hazichanganywi na zilizotumika. Hilo la mwisho ndilo lingemaliza hadithi ya Sh75,000 zangu.

Nisikilizwe vizuri, sisemi kule ni peponi. Shemeji mwenyewe anasema magazeti yao hayakauki habari za SETA zilizoharibu fedha, na nyingine zimewahi kuwekwa chini ya wasimamizi wa Serikali. Fungu kubwa la miradi ndilo lenye nzi wengi. Tofauti ni kwamba wizi unapofanyika kuna namba ya kuulinganisha nayo. Kanuni za mwishoni mwa mwaka 2012 zilipoishusha ruzuku ya mwajiri kutoka asilimia 50 hadi 20, waajiri walikwenda mahakamani. Walipata cha kushtakia kwa sababu namba ilikuwa imeandikwa. Sisi tungekwenda mahakamani na nini?

Wakenya, majirani zetu hapo ng'ambo ya Horohoro, wana tozo yao ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 ya Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kwa karakana kama yetu ingekuwa 1,150 kwa mwezi, hela ambayo haiwezi kufundisha watu wengi hata ukiilinda vipi, kwa hiyo sioni wivu huko. Ila mwajiri wao anaweza kudai sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa, na hilo peke yake linamfanya aone kuwa mfuko ule una mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Mzee mmoja wa barazani kwetu, mstaafu wa bandari, nilimsomea barua hii kabla sijaituma. Akanikatiza. "Mwanangu," akasema, "hiyo ni kodi. Kodi ikishaingia Mfuko Mkuu wa Serikali haina jina tena, inakwenda inakotumwa na Bunge. Utadai na hesabu ya ushuru wa sigara?" Nikamwambia, mzee wangu, ushuru wa sigara sheria yake haikuahidi kumfundisha mtu kazi. Hii imeandikwa kwenye sheria ya mafunzo ya ufundi stadi. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Basi CAG anakagua, unataka nini zaidi?"

Hoja hiyo ina uzito kuliko ya kwanza. Kweli, Ibara ya 143 ya Katiba inampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kazi hiyo, na kila Aprili tunasikia ripoti zake zikizungumzwa bungeni. Lakini mkaguzi anakwenda taasisi kwa taasisi. VETA ina hesabu zake, Bodi ya Mikopo zake, Mamlaka ya Elimu zake, Ofisi ya Waziri Mkuu inayoendesha programu ya kukuza ujuzi ina fungu lake. Kila kimoja kinaweza kupata hati safi, na bado shilingi ya tozo usiweze kuifuata kutoka mlangoni kwa TRA mpaka mkononi mwa mwanagenzi, kwa sababu kila inapohama kitabu inabadilika jina. Kwa TRA ni makusanyo. Kwa wizara ni ruzuku kwa taasisi. Kwa taasisi ni mapato. Kwa mradi ni matumizi. Kwangu mimi wa Gofu ni karatasi ya mahudhurio. Hati safi inasema kila mmoja ameandika vizuri cha kwake. Hakuna anayeulizwa kuhusu safari nzima. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa madaftari ni mengi mno, na habari bado hatuna.

Ninachoomba ni karatasi moja kwa mwaka, na ninaamini mhasibu yeyote wa Hazina anaweza kuiandaa kabla ya chakula cha mchana akitaka. Juu iandikwe SDL iliyokusanywa. Chini yake iliyokwenda mikopo ya wanafunzi, itajwe hivyo bila kufichwa. Kisha iliyofika VETA, na kama haikufika yote iliyostahili, itajwe iliyobaki Hazina. Kisha kwa kila programu: iliyomgusa mwanagenzi, iliyokuwa ya utawala pamoja na maelezo ya nini kimehesabiwa utawala, iliyoahidiwa haijalipwa, na iliyorudishwa. Hiyo ya mwisho naisisitiza. Programu isiyo na mstari wa fedha zilizorudi ama haijawahi kuachwa na mwanagenzi hata mmoja, jambo nisiloliamini, ama inaandika kutoa kuwa ni kutumia. Karatasi hiyo iwekwe kwenye mfumo uleule wa TRA tunaotumia kuchukua namba ya malipo, ili mlipaji aione palepale anapolipa.

Na kabla ya karatasi kuna maana ya utawala, ambayo lazima iwe moja kwa wote. Chuo cha mkoa, shirika linaloendesha mradi na karakana kama yetu wakitumia maana tatu, hesabu za kuzijumlisha zitakuwa porojo. Mwajiri naye asijione malaika. Nimeona karakana zinazodai "gharama za usimamizi" kwa kila mwanagenzi, kumbe msimamizi ni bosi aliyepita mara moja akasema "chomeleeni vizuri" na kuondoka. Kipimo changu kitumike kwetu sisi kwanza, sina neno. Karatasi zetu ziko kwenye faili la kijani, anayetaka kuzikagua anakaribishwa, aje saa za kazi tu maana mchana karakana haisemezeki kwa kelele za grainda.

Kuna suala la vifaa pia, nalo ni fupi. Mradi ulileta mashine mbili za kuchomelea zenye namba za mradi ubavuni. Mradi ukaisha. Je, ni mali ya karakana, ya mradi, au ya Serikali? Sikuziingiza kwenye rejista yetu ya mali kwa sababu sina hati ya kukabidhiwa, na sina pa kuzirudisha. Bosi anazitumia. Mimi nimeandika maelezo pembeni kwa penseli. Mashine za namna hii kwenye karakana za nchi nzima ni fedha nyingi, na sidhani kuna kitabu kinachozijua.

Nimeandika maombi rasmi ya taarifa hizi kwa jina langu, si la karakana, kwa sababu Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki hiyo. Mwenye taarifa amepewa siku 30 za kujibu. Nimeomba mgawanyo wa SDL wa mwaka wa fedha 2023/24 kwa mistari niliyoitaja hapo juu, maana ya utawala iliyotumika, na maelekezo kuhusu zile mashine mbili. Jibu likija, la kunipa au la kuninyima, nitakuletea nakala, Mhariri, na nitashukuru ukiichapa.

Wasalaam,

Mama Zuhura
Ngamiani, Tanga